Uzi: Risasi ipi kwa bunduki ya leva ya mtindo wa zamani? Wenye leseni wa Nakuru, Kisumu na Magharibi tuongee

Mtu wa Njoro

Wadau, salamu kutoka Njoro. Swali hili limekuwa likizuka kwenye nyuzi nyingine kisha linamezwa na malumbano ya leseni, kwa hivyo nimeamua kulifungulia mahali pake. Mtu amepata bunduki ya leva, ile unayoshusha na kupandisha mkono wa chuma chini ya kifyatulio, ya mtindo wa Winchester au Marlin za zamani. Cheti cha kumiliki silaha anacho. Anapanga safari ya kuwinda Tanzania au kusini zaidi, na anauliza anunue risasi gani. Majibu mengi anayopewa yanaanza na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Mimi nasema kasi iangaliwe mwisho. Bunduki hii huchaguliwa risasi kwa bomba lake, kwa uimara wa kufuli lake (chuma kinachofunga nyuma ya risasi inapolipuka), na kwa umbali ambao mwenyewe anaweza kupiga bila wasiwasi. Ukishayajua hayo matatu, maboksi yanayobaki kwenye rafu ya kufikiria huwa machache sana.

Kwa mgeni wa jukwaa: Kenya hakuna uwindaji. Ulipigwa marufuku Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamwadhibu anayewinda kwa burudani, kwa kitoweo au kwa biashara ya nyama. Ninachoandika hapa ni cha mtu anayevuka mpaka na vibali vyote mkononi, aende kule ambako kitalu (eneo la uwindaji) kina leseni na mwindaji bingwa anatembea naye. Tena cheti chetu kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kukaa nazo. Wenzetu wa Marekani hununua maboksi ya aina mbalimbali, wakashinda uwanjani wakilinganisha. Sisi lazima tufikiri kwanza, ndipo tununue.

Nianze na bomba, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kupoteza vidole. Bunduki nyingi za leva hubeba risasi ndani ya bomba lililolala chini ya mtutu. Zimepangana kwa mstari mmoja, ncha ya hii imegusa fataki (kitako cha kulipulia) ya ile iliyo mbele yake. Ukifyatua, bunduki inarudi nyuma kwa kishindo na zilizobaki bombani zinagongana. Ncha ikiwa kali na ngumu inaweza kufanya kazi ya pini na kulipua iliyo mbele, na kiganja chako cha kushoto kiko papo hapo kimeshikilia. Ndiyo maana risasi za bunduki hizi zimekuwa na vichwa bapa, au vya mviringo vilivyokatwa kidogo mbele, tangu karne ya 19. Kiwanda cha Hornady kilikuja na risasi ya LEVERevolution katikati ya miaka ya 2000, ncha imechongoka lakini ni ya plastiki laini inayobonyea. Hiyo imeundwa mahsusi kwa bomba. Risasi ya ncha kali ya shaba iliyotengenezewa bunduki ya bolti (ya kuvuta kitasa nyuma na mbele) usiitie bombani, hata kama kaliba, yaani upana wa risasi, ni ile ile na muuzaji anakuhakikishia.

Angalia pia mdomo wa ganda. Unatakiwa uwe umekibana kichwa, kile kipande kinachoruka, barabara kwenye mfereji wake, maana springi ya bomba inasukuma wakati wote na kila mlio unaongeza msukumo. Kichwa kikizama ndani ya ganda, shinikizo la baruti hupanda, na risasi iliyofupika inaweza kukwama ikipanda kuingia chemba.

Kuna leva zisizo na bomba. Winchester ya 1895 ina magazini ya sanduku, Browning BLR vivyo hivyo, na Savage 99 ya asili ina magazini ya kuzunguka. Mwenye mojawapo anaruhusiwa ncha kali bila hofu hii.

Sasa risasi ya .30-30, maana ndiyo inayoulizwa zaidi. Ilitoka 1895 kwa ajili ya Winchester ya 1894 aliyoibuni John Browning, na ni miongoni mwa risasi za kwanza za uwindaji Marekani kuundwa tangu mwanzo kwa baruti isiyo na moshi. Dukani utakuta uzito wa kichwa wa aina mbili, greni 150 na greni 170 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Boksi la 150 linataja futi 2,390 kwa sekunde, la 170 linataja 2,200. Mnunuzi anaona namba kubwa na kuikamata. Lakini shuka kwenye jedwali la mtengenezaji hadi yadi 100. Zote mbili zimebaki na nguvu ya futi-pauni kama 1,355. Hewa imeshaila faida yote ya kasi. Ukifika yadi 200, ile nzito imebaki na karibu 990, nyepesi imeshuka hadi kama 945.

Isitoshe, namba za boksi hupimwa kwa mtutu wa inchi 24. Wako huenda ni wa inchi 20, kwa hivyo toa futi 80 hadi 100 hivi kwa sekunde kabla hujaanza kujisifu.

Kwa hiyo mimi na .30-30 ni greni 170, kichwa laini chenye ncha bapa. Haiharibu nyama nyingi, inapenya kwa kina hata ikigusa bega, na kwa swala pala, ngiri, pongo au tohe haina upungufu wowote ndani ya umbali wake. Mwenye greni 150 simkatazi akienda kwa swala tu. Mnyama wa mifupa mizito, mfano kuro, ndiye anayeonyesha tofauti: kichwa chepesi kikipigwa karibu kwa kasi kubwa hufunguka mapema na huenda kisifike kwenye mapafu ya upande wa pili.

Umbali? Ukiipima 170 igonge pale pale unapolenga kwa yadi 100, kwa yadi 150 itakuwa imeshuka kama inchi 3, na kwa yadi 200 kama inchi 9. Kwa alama za chuma za kulengea zilizokuja na bunduki, mimi mwisho wangu ni yadi 150. Shanga ya mbele ikiwa pana, kwa umbali huo inaanza kufunika kifua chote cha swala, na mnyama aliyejeruhiwa akaingia kichakani ni deni linalomfuata mwindaji na mfuatilia nyayo mpaka giza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kwenye mada hii. Mnyama hana habari na mapenzi yetu kwa bunduki za zamani.

Karibuni. Aliye na bunduki tofauti aseme ni ipi na anaenda kuwinda nini.

Mkazi wa Dunga

Jaduong', asante sana. Mimi niko Kisumu. Bunduki yangu ni .45-70, imeundwa juzi juzi kwa mtindo wa Winchester ya 1886, mtutu inchi 22. Nataka kwenda Tanzania mwaka ujao. Nimesoma kwingine kwamba .45-70 yenye risasi nzito inaangusha nyati. Ni kweli? Na hizi risasi zenye maandishi ya shinikizo la ziada ninunue?

Mtu wa Njoro

Ndugu wa Dunga, swali lako lina matawi, nitalijibu taratibu.

Risasi hii ni ya jeshi la Marekani, mwaka 1873. Namba zake ndizo historia yake: kaliba ya .45 na greni 70 za baruti nyeusi. Bunduki ya Springfield iliyoanza nayo ilikuwa na mlango wa juu na haikuvumilia shinikizo kubwa, na kwa kuwa nyingine bado ziko mikononi mwa watu, viwanda vikubwa vinaendelea kuijaza kwa upole. Kikomo cha viwanda Marekani ni pauni 28,000 kwa inchi ya mraba. Ndiyo sababu risasi ya Remington ya greni 405 inatoka kwa futi 1,330 tu kwa sekunde. Kando ya hizo kuna viwanda vidogo vinavyouza .45-70 zilizojazwa kwa nguvu zaidi, kwa ajili ya bunduki za kisasa zenye kufuli imara kama Marlin ya 1895 inayotengenezwa sasa. Ganda ni lile lile na zote zinaingia chemba bila ubishi. Bunduki haitakuonya.

Muundo wa 1886 ulibuniwa na Browning huyo huyo, una vipande viwili vya chuma vinavyopanda wima kufunga nyuma ya bolti, na ni mmoja wa imara kuliko yote ya enzi ile. Lakini uimara wa muundo haukuambii chuma cha bunduki yako wewe. Fungua kijitabu kilichokuja nayo. Kama mtengenezaji hajaandika waziwazi kwamba inaruhusiwa risasi za nguvu zaidi, jibu ni hapana, na hakuna mnyama wa thamani ya jicho lako.

Kuhusu nyati. Wameangushwa kwa .45-70 yenye vichwa vigumu vizito, hilo ni kweli. Tanzania wanataka kuanzia kaliba ya .375 kwa wanyama hatari, na kwa upana wa mtutu wewe umepita. Lakini upana si nguvu. Tazama Namibia, ambako sheria inapima nguvu ya risasi kwa jouli kwenye mdomo wa mtutu: 1,350 kwa springbok na wa kimo chake, 2,700 kwa tandala, choroa, kongoni, nyumbu na pofu, na 5,400 kwa nyati. Ile Remington ya greni 405 ina kama jouli 2,150. Haifiki hata ya kongoni! Winchester ya greni 300 inayotajwa kwa futi 1,880 ina kama 3,190. Hornady ya greni 325 yenye ncha laini, kwa futi 2,050, ina kama 4,110. Hakuna hata moja inayokaribia 5,400. Mimi kwa nyati ningemwachia mwindaji bingwa anipe .375 H&H ya kukodi na leva yangu ikapumzika kambini siku hiyo. Kwa ngiri, kuro na kongoni, .45-70 yako ni silaha ya heshima kabisa.

Mwenye .30-30 aliyekuwa anaota Namibia naye ajipime hapo. Greni 170 ina kama jouli 2,480 kwenye jedwali, greni 150 kama 2,580. Zote ziko chini ya 2,700. Ya Hornady ya greni 160 inafika 2,770 kwa mtutu wa inchi 24, lakini kwa inchi 20 inarudi chini ya mstari. Kule ni springbok na wa ukubwa wake, au uchukue bunduki nyingine.

Reli ya Zamani

Mzee, umenikumbusha jambo la kwetu. Mimi ni wa Londiani. Theodore Roosevelt alipokuja baada ya kutoka ikulu ya Marekani, mwaka 1909, alishuka stesheni ya hapa kwetu akaelekea Uasin Gishu na Nzoia kwa magari ya maksai, na Desemba akapanda meli Kisumu kwenda Entebbe. Alikuwa na Winchester za leva na aliua simba nazo. Kama leva ilitosha yeye mwaka ule, kwa nini isitoshe leo na baruti bora zaidi?

Mtu wa Njoro

Nashukuru umemleta, maana mfano wake hutumiwa vibaya. Alikuwa na Winchester ya 1895, ile ya magazini ya sanduku, kwa risasi ya .405 iliyotoka 1904: greni 300 kwa futi 2,200 kwa sekunde. Hiyo ina nguvu kubwa kuliko .30-30 na kuliko .45-70 ya kawaida ya kiwandani. Kwa simba aliisifu sana, na simba ana ngozi laini. Lakini alipowaendea ndovu alishika bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na marafiki wa Uingereza. Mtu aliyeipenda leva kuliko wengi alijua pa kuiweka chini.

Mbali na hayo, njia aliyopita ilikuwa na wanyama wasiohesabika. Uasin Gishu ya leo ni ngano na mahindi.

Mkulima Kitale

Wazee hamjambo. Mimi si mwindaji lakini nina cheti na nina .30-30 niliyorithi kwa utaratibu wa sheria. Shida yangu ni mahindi. Nguruwe mwitu wanaingia usiku, nyani mchana. Greni 170 ingewafaa? Ni kwenye shamba langu mwenyewe.

Mtu wa Njoro

Ndugu yangu, hapa sitakutajia risasi. Shamba ni lako, lakini nguruwe mwitu na nyani ni wanyamapori, na kuwapiga risasi bila idhini kunaweza kukupeleka mahakamani na kukunyang'anya cheti. Ripoti kituo cha KWS (Huduma ya Wanyamapori Kenya) kilicho karibu nawe, piga picha za uharibifu, ongea na majirani mripoti pamoja. Najua kuona mahindi ya msimu mzima yamelazwa usiku mmoja kunavyoumiza, na maafisa wakati mwingine huchelewa. Hata hivyo simulizi lako mbele ya hakimu litakuwa jepesi sana ukisema ulifyatua gizani.

Ipo na hatari ya usalama pia. Kichwa cha greni 170 kilichomkosa nguruwe husafiri mbali sana, na Trans Nzoia boma la jirani huwa nyuma tu ya mstari wa miti.

Kijana wa Lanet

Shikamoo mzee. Mimi napenda zile ndogo, za risasi za bastola. Nimeona moja ya mtindo wa 1873, .357, na nyingine ya mtindo wa 1894, .44 Magnum. Kwa swala wadogo zinatosha? Na risasi nzito zaidi si ndizo bora, kwa ulivyosema kwenye .30-30?

Mtu wa Njoro

Marahaba. Hapana, uzito una mpaka, na mpaka wenyewe umo ndani ya mtutu.

Mifereji ya mtutu ndiyo inayozungusha kichwa kiruke bila kuyumba. Kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Marlin nyingi za .44 Magnum zina mzunguko mmoja kwa inchi 38, ambao ni wa taratibu. Greni 240 zinatulia vizuri. Ukipita 280 hivi, vichwa vinaanza kuyumba na karatasi ya shabaha inakuonyesha matundu ya mviringo uliovutika, maana kichwa kimeingia ubavu. Kwa hiyo .44 yako ni greni 240 za kichwa laini, na ni bunduki nzuri ya yadi 100 kushuka chini.

Ile ya 1873 ni habari nyingine. Kufuli lake ni la viungo viwili vinavyonyooka kama goti nyuma ya bolti. Ni laini kutumia, watu wanaipenda kwa mashindano, lakini ndilo dhaifu katika familia nzima. Mitindo ya 1866 na 1876 ni ya ukoo huo huo. Iliyotengenezwa leo kwa .357 inakubali risasi za kawaida za kiwandani kwa kipimo cha mtengenezaji, basi. Zile zenye majina makubwa ya kuwindia dubu ziache kwa wenye 1892 na 1894.

.357 yenyewe inashangaza ikitoka kwenye mtutu mrefu. Kichwa cha greni 158 kinachotoka kwenye bastola kwa futi kama 1,250 kwa sekunde kinaweza kufika karibu 1,800 kwenye karabini, yaani bunduki fupi ya bega. Kwa digidigi au swala tomi, karibu, na mtu mtulivu, inatosha. Lakini kuna mtego: kichwa kilichoundwa kufunguka kwa mwendo wa bastola, ukikitupa kwa 1,800 kinapasuka juu juu. Tafuta kichwa laini chenye ganda la shaba nene, si kile chenye tundu kubwa mbele cha kujilindia nyumbani. Na usijaribu kupunguza gharama kwa .38 Special, risasi dhaifu zaidi inayoingia kwenye bunduki ya .357, kwenye safari ya kuwinda. Ni fupi, na leva kadhaa hukwama nazo.

Mkazi wa Dunga

Jaduong', nina mawili zaidi. Kwanza, nimenunua mkanda wa ngozi wa kubebea risasi, unaendana na bunduki. Pili, Kisumu tuko kama mita 1,130, ninyi Nakuru mko 1,850. Nikipima bunduki kwenu kisha nishuke kuwinda chini kabisa, itapiga mahali pengine?

Mtu wa Njoro

La mkanda kwanza. Uvae ukiwa porini, jioni uzitoe. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina tindikali inayokula shaba ya maganda, na kwa unyevu wa ziwa utakuta ukungu wa kijani umeota. Ganda lenye ukungu huo hunata chembani, na leva haina nguvu ya kuling'oa iliyo nayo bolti. Risasi zikae kwenye boksi lake, mahali pakavu. Safarini usiziache juu ya dashibodi. Baruti ikipata joto kali shinikizo linaongezeka, na zile .45-70 zinazokaribia kikomo ndizo zitakazokusumbua.

La pili, hewa ya juu ni nyepesi, kichwa kinapunguzwa kasi kidogo tu, kwa hiyo ukishuka kitaanguka zaidi. Kwa vichwa bapa tofauti ipo kweli, lakini ndani ya yadi 150 ni sehemu ya inchi. Kwa alama za chuma hutaiona. Jambo la kukuhangaisha ni jinsi .45-70 yenyewe inavyoanguka. Greni 405 ikipimwa yadi 100, kwa yadi 200 imeshuka kama futi mbili! Anayekosea kukadiria umbali kwa yadi 50 na risasi hiyo hapati mnyama, au anampata vibaya.

Kijana wa Lanet

Mzee, na darubini? Wengine wanasema kuweka darubini kwenye leva ni kuiharibu sura.

Mtu wa Njoro

Sura ni ya nyumbani. Macho yako yakiwa hayapatanishi tena alama ya nyuma na ya mbele, weka tundu la kuchungulia, lile la mviringo linalofungwa nyuma karibu na jicho. Linaendana na bunduki ya zamani na linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Darubini ndogo ni sawa pia, ila Winchester za 1894 za muundo wa awali hutupa maganda juu, hivyo darubini haiwezi kukaa katikati. Marlin 336, tangu 1948, hutupa pembeni.

Mkulima Kitale

Nimeripoti KWS jana, wamesema watatuma watu. Nimeendelea kusoma uzi kwa faida yangu. Swali moja: mtu mwenye kibali cha risasi chache atajuaje boksi gani linaikubali bunduki yake, kama hawezi kununua yote?

Mtu wa Njoro

Vizuri kwa kuripoti. Usichoke kuwafuatilia.

Swali lako ndilo la msingi kwa sisi wa Kenya. Chagua aina moja kwa hoja nilizotaja, na moja tu. Nunua maboksi ya namba moja ya uzalishaji kama yanapatikana, imeandikwa ubavuni. Anza yadi 25 uone kama iko kwenye karatasi, kisha 50, kisha 100. Piga tatu tatu, taratibu, acha mtutu upoe kati ya kundi na kundi, kwa sababu mtutu mwembamba uliofungwa na bomba kwa vikuku vya chuma ukipata moto unahamisha kundi lake la matundu, mara nyingi kwenda juu. Porini utapiga mtutu ukiwa baridi, kwa hiyo risasi ya kwanza ya kila kikao ndiyo yenye habari unayoitaka. Iwekee alama yake kwenye karatasi.

Ukimaliza yadi 100, achana na meza. Piga zilizobaki umesimama wima au umeegemea mti, kama utakavyofanya kule. Kundi la inchi 3 kwa yadi 100 kutoka mezani, kwa leva ya alama za chuma, linatosha kwa kazi hii. Nimeona watu wakimaliza kibali chao chote wakiifukuza inchi moja, wakafika kitaluni hawajawahi kupiga hata mara moja wakiwa wamesimama.

Pitisha pia risasi kadhaa kwa leva polepole na kwa haraka, hapo hapo uwanjani, mtutu umeelekea kwenye tuta. Leva inapenda mkono usiosita. Ukiisukuma nusu, ganda halitoki na inayofuata imeshapanda. Wengi wakikwama wanalaumu risasi.

Mkazi wa Dunga

Nimerudi na habari. Nimeiandikia kampuni ya kitalu. Wamesema nyati nitampiga kwa .375 yao, na leva niilete kwa ngiri, kuro na kongoni, msituni, risasi nichague mwenyewe. Kijitabu changu kinasema risasi za kiwandani za kipimo cha kawaida pekee. Nimebaki kati ya Winchester ya greni 300 na Hornady ya greni 325.

Mtu wa Njoro

Zote ni za kipimo cha kawaida, hujavunja kijitabu. Greni 300 ya Winchester hufunguka upesi, kwa ngiri ni nzuri mno, kwa bega la kuro naiogopa kidogo. Ningechukua 325. Maganda yake ni mafupi kuliko ya kawaida, kwa hiyo kabla hujalipa muulize muuzaji akuruhusu kupitisha moja au mbili kwa bunduki yako mbele yake, mtutu umeelekea mahali salama, uone zinapanda bila kusita. Zikikataa, rudi kwenye 300 na umsubiri kuro ageuke ubavu. Ipime igonge inchi 2 juu kwa yadi 100, kisha uende mpaka 150 ukaone mwenyewe kwenye karatasi, usikubali jedwali langu wala la boksi. Ukiwa tayari kuja uwanjani huku Nakuru niandikie faraghani, nitakuja na mifuko ya mchanga.